Majina Yaliyoandikwa kwa Penseli

Jumatatu, 15 Julai 1957

Waliofika kumi na saba. Wawili hawapo: Tatu ana surua, Mwajuma kabaki na mdogo wake. Chaki vipande vitatu. Nimeandika hesabu kwa herufi ndogo ili chaki zifike Alhamisi.

Sabra alimaliza kabla sijakaa. Akawa ananitazama. Nikampa nyingine, ngumu zaidi. Akamaliza. Mtoto huyu ananichosha na kunifurahisha kwa wakati mmoja.

Ana miaka kumi na mitatu. Alivunja ungo mwezi wa Ramadhani, na tangu hapo hatoki mlango wa mbele. Kwangu anakuja kwa sababu moja tu: mlango wa uani wa nyumba ya wakfu tunamosomea unatazamana na mlango wa uani wa kwao. Anavuka uchochoro, hatua sita, ndani ya buibui, mama yake amesimama kizingitini mpaka aingie. Shule nyingine hana.

Saa kumi na moja nikafunga. Mama amepika samaki wa nazi. Nimekula kidogo.

Jumatano, 17 Julai

Mjomba Salehe amekuja na barua ya Idara ya Elimu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, na ndiye aliyenishika mkono niliporudi kutoka bara na cheti changu, akaniambia mabinti wa Kariakoo wananingoja. Barua ni ya Kiingereza. Nikamsomea.

Ombi letu la ruzuku litaangaliwa. Mkaguzi wa shule za wasichana atakuja Jumatano ijayo, alasiri. Masharti: mwalimu mwenye cheti, ubao, choo, daftari la mahudhurio, watoto wasiopungua thelathini. Tukikubaliwa, serikali italipa mshahara wangu na vitabu, na wasichana wa darasa la nne watafanya mtihani humu humu, mbele ya msimamizi mwanamke. Tusipokubaliwa hatumo katika orodha, na mtihani hapa hakuna.

Darasa la nne ni watano. Wanne wanaweza kutembea mpaka shule yoyote. Sabra hawezi.

"Mwalimu tunaye," Mjomba akasema. "Choo tunacho. Watoto wangapi?"

Nikamwambia kumi na tisa.

Akala tende mbili, akazipanga kokwe ukingoni mwa sahani. "Kumi na tisa si wachache."

Kwa barua hii ni wachache.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda Upanga kuazima tufe la dunia kwa Nirmala. Baba yake ndiye mwenye duka la vitambaa pembeni mwa mtaa wetu. Tunajuana tangu tukigombania peremende. Sasa anafundisha katika shule ya wasichana ya jumuiya ya Wahindu.

Ghorofa mbili. Kabati za vitabu zenye vioo. Chumba cha kushonea, vyerehani vimepangwa kama askari. Na wao pia wanapewa ruzuku. Hili ndilo linalonikera. Kwa serikali, shule yake na yangu ni za namna moja: watu wamejijengea, serikali inaongezea. Lakini inaongezea juu ya kilichopo. Wao walianza na matajiri. Sisi tulianza na nyumba ya udongo ya marehemu mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua, akaiweka wakfu kwa kuwa hakuzaa.

Mimi nimesoma shule ya serikali. Bweni, miaka sita. Dawati langu lilikuwa na namba, na ukutani palikuwa na saa, na kila kitu kiliifuata ile saa. Hakuna aliyeniuliza baba yangu ana nini. Niliipenda kwa hilo na bado naipenda. Lakini kutoka mitaa hii tulikuwa wawili. Wengine milango yao haikufunguka. Shule ya serikali ni nzuri kwa anayeweza kuifikia. Haimfuati mtu nyumbani.

Nirmala alinifungia tufe ndani ya kitambaa. Akasema, "Rukia, una cheti cha serikali. Unafundisha uani kwa nini?"

Jibu nililipata katikati ya uwanja wa Mnazi Mmoja, tufe kifuani, vijana wawili wakiniita, "Dada, tikiti hilo kiasi gani?" Jibu ni Sabra. Lakini si Sabra peke yake. Napenda pia kuwa mtu ambaye akiondoka pengo linaonekana. Si jambo zuri kuliandika. Nimeliandika.

Jumapili, 21 Julai

Kamati imekaa barazani kwa Mjomba. Mimi ndani na mkewe, mlango wazi, nasikia.

Uamuzi: watoto wataazimwa. Shule ya serikali inasoma zamu mbili. Wasichana wa zamu ya asubuhi wako nyumbani mchana, na ni binti zetu wale wale, wa mitaa hii hii. Watachukuliwa kumi na wawili. Kumi na mmoja wa kutimiza thelathini, mmoja wa akiba.

Nikatoka nikasema huo ni uongo. Mbele ya wazee. Sijapata kufanya hivyo maishani.

Mjomba hakukasirika. "Mwanangu, siku ya harusi yako sufuria nitaazima. Majamvi nitaazima. Hata vikuku vya mguuni utavaa vya watu. Utasimama useme harusi ni ya uongo?"

Mzee mwenzake akadakia, "Bora bwana harusi naye asiwe wa kuazima."

Wakacheka wote, kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria vikuku. Ni kweli. Hapa hakuna mtu aliye na vyombo vya kutosha kwa siku yake kubwa, na hakuna aliyewahi kuona aibu kwa hilo. Jirani asipokuja kuazima ndipo tunajiuliza ana nini na sisi.

Jumatatu, 22 Julai

Mjomba kaniletea majina kumi na mawili kwenye karatasi ya kufungia chumvi. Niyatie katika daftari la mahudhurio.

Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Daftari lile ni langu. Tangu Januari nimeandika kwa wino, kila siku, aliyepo na asiyepo, hata siku ya mvua walipokuja wanne. Ndicho kitu pekee katika shule hii kinachofanana na shule niliyosoma.

Mwishowe nikaandika. Kwa penseli. Nitayafuta Alhamisi. Mtu anayechukua kisicho chake huku ameshapanga siku ya kurudisha, sijui anaitwa nani.

Nimefanya kwa ajili ya Sabra. Naandika hivi nione kama yanasomeka kuwa kweli.

Jumanne, 23 Julai

Choo kimepakwa chokaa. Mabenchi manne yamekuja kutoka kwa wauza kahawa wa kona. Yananuka tangawizi.

Jumatano, 24 Julai

Saa nane kamili nilikuwa na watoto thelathini na mmoja. Tufe la Upanga, mabenchi ya kahawa, wasichana wa serikali.

Wale wa kuazima walikuwa wamevua sare zao za buluu, wakavaa gauni jeupe na mtandio kama wetu. Waliambiwa wakae kimya, waseme mwalimu wao ni mimi, wasitaje shule nyingine. Mwanaidi, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, miaka kumi, nilimweka mbele kwa kuwa ni mfupi.

Mkaguzi ni Mzungu mwanamke, mwembamba, viatu vikubwa, Kiswahili cha kitabuni kisicho na kosa hata moja. Kamati ilibaki barazani na sinia la halua. Akaingia peke yake. Watoto wakasimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, Bibi."

Sauti moja. Wakakaa. Hapo ndipo ilipotakiwa kuishia. Lakini Mwanaidi amelelewa na nyanya yake, na nyanya yake ni mtu wa heshima, amemfundisha kwamba mtu uliyekwisha kumwamkia asubuhi humwamkii tena mchana kama mgeni, bila kumwuliza za tangu asubuhi. Ni kumkana. Alibaki amesimama peke yake, mikono nyuma. Akasema kwa sauti safi, "Na za tangu asubuhi, Bibi?"

Nilijua kabla Bibi Mkaguzi hajafungua kinywa. Asubuhi alikuwa ameanzia shule ya serikali. Barua haikutuambia, na sisi hatukufikiri kuuliza.

"Njema," akasema. "Wewe ndiwe uliyenisomea habari za sungura."

"Ndiyo, Bibi." Mwanaidi alifurahi kukumbukwa. Akakaa.

Tulikuwa tumewakataza mambo mengi. Adabu hatukukumbuka kuikataza.

Akaomba daftari. Akapitisha kidole polepole kutoka juu mpaka chini, kikasimama pale wino unapoishia.

"Hawa wa penseli ni akina nani?"

Ningeweza kusema ni wapya, nawangojea wazoee ndipo niwaandike kwa wino. Jibu hilo lilinijia zima, limeshapangwa. Mlango wa uani ulikuwa wazi na nilimwona mama yake Sabra upande wa pili wa uchochoro, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi.

Nikasema, "Ni wa kuazima, Bibi."

"Na wa wino?"

"Ni wangu."

Akawatoa wale kumi na wawili uani, wakaenda kucheza kombolela. Akabaki na kumi na tisa saa nzima. Sabra alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Akagawanya ubaoni. Akaonyesha Tanganyika kwenye tufe, kisha Bombei, kisha akaulizwa bahari iliyo katikati, akaitaja.

Mlangoni Bibi Mkaguzi akaniambia, "Nimesikitika, Mwalimu. Hawa wanasoma vizuri kuliko niliowaona asubuhi."

Hakusema kwa ukali. Afadhali ungekuwa ukali.

Halua haikuguswa.

Alhamisi, 25 Julai

Nimeyafuta majina. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga bado yanasomeka.

Mjomba alikuja asubuhi, hakukaa. "Hukuulizwa na Mungu, Rukia. Uliulizwa na Mzungu." Akaondoka. Hajawahi kuniita kwa jina.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Ungesema tu ni wapya, mwanangu. Kwa siku ile si walikuwa wapya?" Mama hajui kusoma, na ameniona nikirudi kutoka bara na masanduku mawili ya vitabu bila kuniuliza vinasema nini. Nilitamani aniulize sasa.

Jambo moja niliandike kabla sijalipamba. Niliposema kweli nilijisikia mwepesi, msafi, kama mtu aliyetoka kuoga. Wepesi ule ulinipendeza. Na aliyeulipia si mimi, ni Sabra. Nilikuwa na njia mbili za kumkosea na nimezitumia zote mbili: nilidanganya kwa ajili yake, kisha nikasema kweli kwa ajili yangu.

Jumanne, 6 Agosti

Barua imefika. Ruzuku hakuna mwaka huu. Kamati iombe tena mwakani, darasa likitimia. Wasichana wa darasa la nne wataruhusiwa kufanya mtihani katika shule ya serikali, pamoja na wanafunzi wa huko.

Chini yake kuna mistari mitatu iliyoandikwa kwa mkono. Shule ile ina nafasi ya mwalimu mwanamke kuanzia Januari. Bibi Mkaguzi angefurahi kupeleka jina langu.

Nimeisoma mara nne. Sikumwonyesha Mjomba mistari mitatu.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda kwa baba yake Sabra. Ni fundi cherehani, anashona barazani Mtaa wa Kongo. Hakusimamisha mguu, alinisikiliza huku anashona kanzu. Nikamwambia ni siku moja tu. Nitamchukua mwenyewe, ndani ya buibui, na mama yake akitaka aje pia.

Akakata uzi kwa meno. "Mwalimu, mimi na kusoma hatuna ugomvi. Nimemwacha aje kwako, na ndugu zangu wananisema. Ugomvi wangu ni njia. Na huko ndani wanafundisha wanaume, na wavulana wamekaa safu moja na wasichana. Nani atawaeleza watu kuwa ilikuwa siku moja?"

Nikasema watu watasahau.

"Wewe umekaa bara miaka mingi," akasema, kwa upole kabisa. "Watu hawa huwajui."

Kisha akaniuliza, "Si ulisema mtihani utakuwa hapo kwako?"

Nilikuwa nimesema. Nilimwahidi mwezi wa Machi, kabla sijajua masharti. Nimerudi bila kupita sokoni. Mama alitaka bamia.

Jumatatu, 9 Septemba

Waliofika kumi na tisa, na Mwanaidi.

Amekuja mwenyewe, na sare ya buluu, baada ya zamu yake. Nikamuuliza nani kamtuma. "Hakuna, Mwalimu. Nyumbani nanyongwa na kazi." Wenzake wakacheka. Tatu akamwambia, "Leo usimwamkie mtu." Hata Sabra alicheka, mkono mdomoni.

Nikamwacha akae. Jina lake sijaliandika. Ana daftari lake kwingine.

Jumatatu, 23 Septemba

Mwanaidi tena. Tangu ile siku hajakosa. Anasema kule kwao wako arobaini na watano na mwalimu hajui sauti yake. Anasema pia wana vitabu kila mtu chake. Nikamwambia basi akilete chake. Kakileta. Sasa tunasoma watano kitabu kimoja kipya badala ya saba kitabu kimoja kikuukuu. Ndiyo ruzuku yetu ya mwaka huu.

Mjomba amenisalimu msikitini, upande wa wanawake, kwa kunitumia tende kwa mkono wa mkewe.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya mtihani. Nimewapeleka wanne: Tatu, Mwajuma, Asha, Zainabu. Tulipita mtaa wa Gerezani kwenye karakana, mafundi wakaacha nyundo kututazama. Ndiyo njia aliyoigombia baba yake Sabra. Nimeiona kwa macho yake na sikuipenda.

Shule ile ni nzuri. Naandika bila kijicho. Madawati yenye vishimo vya wino, na wino umo. Ramani tatu. Dirisha linafunguka. Mwalimu mkuu ni mtu mstaarabu, alinipa kiti, akanionyesha chumba ambacho kingekuwa changu. Ukutani pana saa. Naitaka ile saa. Niliisikiliza mpaka nikasahau kumsikiliza yeye.

Mlangoni imebandikwa orodha ya darasa la nne. Wasichana tisa. Watatu wamekatwa mstari.

"Hawa?" nikauliza.

"Wamevunja ungo, wamewekwa ndani. Wiki sita bila kuonekana, tunafuta. Ndiyo kanuni."

Hakuna ubaya aliokusudia. Mistari imepigwa kwa rula, kwa wino, imenyooka kabisa.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi nimetia barua posta. Nimemshukuru Bibi Mkaguzi, nikamwambia mwaka ujao nitakuwa hapa. Sababu sikueleza. Ile saa itanikera muda mrefu.

Karatasi za mtihani zilikusanywa jana. Hakuna aliyetoka na hata kipande. Lakini wanne wale wamepita chuo cha Kurani kwa mwalimu anayetaka juzuu nzima bila kituo, na anayekosea anaanza upya. Niliwakalisha mchana, kabla Sabra hajavuka uchochoro, nikawauliza walikumbuka nini. Tatu akafumba macho, akaanza swali la kwanza. Alipokwama, Asha akapokea. Zainabu akawarudisha nyuma mara moja: si mifuko minane, ni tisa. Hesabu ishirini zote zikatoka vinywani mwao, moja baada ya nyingine. Kisha imla, neno kwa neno, pamoja na vituo. Hesabu nikaziandika ubaoni, imla kwenye karatasi ya kumsomea Sabra, mikono imejaa chaki.

Sabra akakaa benchi la peke yake. Wengine nikawatoa uani, kimya. Muda niliupima kwa kivuli cha ukuta. Mwanaidi alikilinda, akiweka kijiwe kilipofika. Mama yake Sabra alivuka uchochoro kwa mara ya kwanza, akasimama ndani ya mlango.

Nimesahihisha bila huruma. Hesabu kumi na nane kati ya ishirini. Imla, kosa moja.

Matokeo haya hayatapelekwa popote. Nimeyaandika katika daftari, mbele ya jina lake, kwa wino.

Alikuwa anafunga mtandio. Akauliza kesho tunafanya nini. Nikamwambia desimali.